Tundu Kwenye Ukuta: Kutoka Boriti za Mikoko Hadi Kompyuta

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya matundu. Ndiyo, matundu. Siasa zipo siku zote, na Simba na Yanga watacheza tena tu. Leo nataka kuandika habari za lile tundu ambalo fundi mwashi huliacha kwenye ukuta wa mawe ili mti upate kuingia: tundu la mlango, tundu la dirisha, na lile dogo kuliko yote, tundu la kichwa cha boriti. Historia yake nimekuwa nikiifuatilia kwa muda sasa, nusu kwa kazi ya gazeti na nusu kwa udadisi wangu mwenyewe, na kila ninapochimba inanipeleka mbali: Lamu, Bahrain, Massachusetts, Hungaria, na kunirudisha tena Forodhani, Unguja.

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza. Ukuta ni nini? Fundi atakujibu kwa mkono wake. Mchora ramani atakupigia mistari miwili kwenye karatasi. Kompyuta nayo ina jibu lake, na jibu hilo limebadilika mara kadhaa tangu mwaka 1963. Pale nyumba ya zamani inapohitaji kutengenezwa, au inapoanguka, tumsikilize nani kati ya hawa watatu? Mimi naona hili si swali la wasanifu peke yao. Ni letu sote ambao miji yetu inabadilika mbele ya macho yetu.

Tuanze nyumbani. Nyumba za mawe za pwani yetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Mawe hayo hayakukatwa sawasawa kama tofali za leo. Yalipangwa jinsi yalivyo, makubwa kwa madogo, na ndiyo maana ukuta ukawa mnene, aghalabu sentimita 50 hadi 60. Ukipima ukuta mmoja sehemu tatu unaweza kupata vipimo vitatu. Fundi hakuona kasoro hapo. Alijua plasta ya chokaa ingefunika yote.

Juu ya kuta hizo zililala boriti za mikoko. Hapa ndipo penye siri. Biashara ya miti hii ilikuwa na madaraja yake, na majina yake ni Kiswahili kitupu: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni ule mti wenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Ni mti mgumu na mzito, ila urefu wake ulionyooka ni mdogo, tena ulitakiwa ubebe dari zito la mawe na chokaa. Matokeo yake, upana wa chumba haukuzidi sana mita 2.5 hadi 3. Ukitaka chumba kikubwa unakirefusha, hukitanui. Mgeni akiingia kwenye nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji Mkongwe hushangaa kuona chumba kirefu na chembamba kama korido. Asishangae. Aliyepima chumba kile ni mkoko.

Sasa tazama kazi inavyokwenda. Fundi anapandisha ukuta mpaka usawa wa dari. Anapanga boriti juu yake, karibu karibu. Kisha anaendelea kujenga katikati ya vichwa vya boriti, anavizungushia mawe na chokaa, na ukuta unaendelea kupanda. Kwa hiyo lile tundu halikutobolewa. Lilizaliwa pamoja na ukuta. Mlango nao ni hivyo hivyo: juu ya uwazi hulazwa miti kadhaa sambamba, kufuata unene wote wa ukuta, na mawe yakaendelea juu yake. Kazi hiyo siku hizi inafanywa na lenta ya zege na nondo. Ndani ya uwazi huo seremala akasimamisha miimo, kizingiti na mfaa, na kwa mwenye uwezo, mlango wa kuchonga ambao watalii hawaishi kuupiga picha. Na kule Lamu kulikuwa na matundu ya aina nyingine tena, yasiyotoboka upande wa pili: zidaka, vile vijitundu vya ukutani vilivyopambwa kwa plasta, vinavyotazama chumba kama madirisha ya uongo.

Wala hatukuwa peke yetu. Katika karne ya 10 mwanajiografia Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani huku kwetu. Karne nyingi baadaye majahazi bado yaliondoka Lamu na Rufiji yakiwa na shehena ya boriti kuelekea Ghuba. Huko Kuwait, Bahrain na Qatar miti hiyo iliitwa chandal, na nenda ukapime vyumba vya nyumba za zamani kule: upana unachezea mita 3 vilevile. Mti uliokatwa kwenye tope la Afrika Mashariki uliamua upana wa chumba cha kulala cha mfanyabiashara wa lulu wa Muharraq. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje mwaka 1982, kwa kuhofia misitu kwisha. Ukumbuke mwaka huo, maana tutakutana nao tena.

Haya, tuje kwenye karatasi. Ramani ya nyumba ni kitu cha ajabu ukikifikiria. Mchoraji anajifanya ameikata nyumba nzima kwa msumeno, kwenye kimo cha mita 1 au 1.2 kutoka sakafuni, akainua kipande cha juu na kukiweka pembeni, kisha akachungulia ndani kutokea juu. Kilichopitiwa na msumeno kinachorwa kwa mstari mzito. Ukuta unakuwa mistari miwili sambamba, katikati unajazwa alama: mistari ya mshazari kwa tofali, alama nyingine kwa mawe. Mti uliokatwa kichwa unapigwa msalaba kama herufi X. Dirisha linaonekana kwa sababu msumeno umepita humo. Mlango unaonekana kama pengo, na utao unaoonyesha unavyofunguka.

Lakini boriti je? Boriti ziko juu ya msumeno. Zimeinuliwa na kile kipande tulichokiweka pembeni. Kwa kanuni, mchoraji akipenda ataziweka kwa mistari ya vidoti kuonyesha kwamba kuna kitu kinapita juu, au atachora karatasi ya pili ya dari. Asipopenda, basi. Kwa maana hiyo, ramani ya kawaida ya nyumba ya mawe ya Kiswahili inaweza kukuonyesha kila kitu isipokuwa kile kitu kilichoipa nyumba ile umbo lake. Yale matundu ya vichwa vya boriti hayapo. Naomba uliweke hilo akilini.

Mafundi wetu wa kale hawakuhitaji karatasi. Walipima kwa shubiri, dhiraa na pima, na ramani ilikuwa kichwani na kwenye mti wenyewe. Ukishajua urefu wa boriti ulizonazo, nusu ya ramani umeshaichora. Karatasi ilikuja kushika hatamu wakati wa ukoloni. Majengo kama lile la Makumbusho ya Amani pale Unguja, Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 na kusanifiwa na Mwingereza John Sinclair, yalichorwa ofisini kwanza ndipo yakajengwa. Ilikuwa ni enzi ya michoro ya buluu, ile yenye mistari myeupe, teknolojia iliyotokana na ugunduzi wa John Herschel wa mwaka 1842.

Baadaye karatasi ikaanza kufanya kazi ya kinyume: kuchora majengo ambayo tayari yapo, tena yanabomoka. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha kitabu chenye ramani za misikiti na majumba ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, mpaka leo watafiti wanakirejea. Garlake huyo huyo aliondoka Rhodesia mwaka 1970 baada ya kugombana na serikali ya walowezi, kwa sababu alisimamia ukweli kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na Waafrika. Nalitaja hili makusudi. Anayechora ukuta anasema neno juu ya nani aliujenga. Hakuna mchoro usio na maneno.

Basi mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya na Zanzibar zilipata uhuru, kijana mmoja wa Kimarekani aitwaye Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, Massachusetts. Alitengeneza programu iliyoitwa Sketchpad. Iliendeshwa kwenye kompyuta kubwa ya TX-2, na mtu alichora kwa kalamu ya mwanga akigusa kioo moja kwa moja. Kilichoshangaza si kuchora tu. Sutherland aliiwezesha mashine kushika masharti. Unachora mistari miwili kiholela, halafu unaiambia mashine: hii miwili iwe sambamba, ile iwe sawa kwa urefu. Mashine inainyoosha yenyewe na kuendelea kutunza amri hiyo. Pia mtu aliweza kuchora kitu kimoja kama mchoro mama, akakinakili mara nyingi, na akibadilisha mama, watoto wote wanabadilika. Ukifikiria nyumba yenye madirisha 40 yanayofanana, utaona hapo kuna nini.

Lakini wazo zuri na kitu kinachonunulika dukani ni vitu viwili. Ilichukua karibu miaka 20 hadi kompyuta ndogo za mezani zilipopatikana. Mwaka 1982, ule nilioomba uukumbuke, John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk huko California, na kabla mwaka haujaisha wakaionyesha dunia AutoCAD. Mwaka mmoja boriti zinafungiwa bandarini Kenya, na kule ng'ambo unaanza ukuta usio na jiwe wala mti. Mambo haya mawili hayakuhusiana kabisa. Mimi tu nimependa yalivyokutana.

AutoCAD ya mwanzo, kusema kweli, ilikuwa ni rula na kalamu ndani ya kioo. Ukitaka ukuta unapiga mstari, unaunakili sambamba kwa umbali wa unene wa ukuta. Ukitaka mlango unapiga vistari viwili vifupi vya miimo, kisha unakata kilichopo katikati. Jicho lako linaona ukuta wenye mlango. Mashine haioni hivyo. Mashine inaona mistari, basi. Ukiamua kuhamisha mlango, pengo linabaki pale pale kama jino lililong'olewa. Lazima uzibe mwenyewe na kukata pengine. Mwaka 1986 ilikuja lugha ya AutoLISP ndani ya programu hiyo, na watumiaji wengi wakaanza kujiandikia viprogramu vidogo: unabofya ncha mbili, unataja unene, unataja upana wa mlango na umbali wake kutoka pembeni, na kiprogramu kinachora mistari yote, kinaacha pengo, kinaweka na msalaba wa mbao. Kazi ya nusu saa ikawa ya dakika. Hata hivyo kikishamaliza kinasahau. Kinaacha mistari, na mistari haina kumbukumbu.

Kuna mtu aliyeliona tatizo hili mapema. Mwaka 1975 Charles Eastman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Marekani, aliandika makala kueleza kwamba michoro yenyewe ndiyo yenye kasoro. Ukuta mmoja unachorwa kwenye ramani, unachorwa tena kwenye mkato, ukachorwa tena kwenye sura ya mbele. Ukiuhamisha sehemu moja ni lazima ukumbuke kuuhamisha kwingine kote, na wanadamu tunasahau. Alipendekeza kompyuta ihifadhi jengo lenyewe, vipande vyake na mahali vilipo, na michoro yote itoke humo. Badilisha mara moja, kila karatasi ifuate.

Jambo ambalo hata wanaotumia programu hizi kila siku wengi hawalijui ni kwamba mmoja wa waliolipeleka wazo hilo sokoni alitoka Ulaya ya Mashariki, nyuma ya pazia la chuma. Gábor Bojár alianzisha Graphisoft huko Hungaria mwaka 1982. Kazi yao ya mwanzo ilihusu kuonyesha mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks kwa umbo la pande tatu, kwa kutumia kompyuta ndogo, kwa sababu kubwa hazikupatikana kirahisi katika nchi za kijamaa zilizowekewa vikwazo vya teknolojia. Mwaka 1984 Steve Jobs aliwaona kwenye maonyesho ya Hannover na Apple ikawashika mkono. Programu yao ndiyo iliyokuja kuitwa ArchiCAD. Wamarekani wa Revit wakafuata, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua kampuni hiyo mwaka 2002 kwa dola milioni 133.

Humu ndani ukuta si mistari tena. Ni kitu chenye unene, kimo, tabaka na jina. Mlango unaishi ndani ya ukuta. Ukiusogeza, tundu linausindikiza, na pale ulipotoka ukuta unajiziba. Lugha ya ArchiCAD ya kutengenezea milango na madirisha, GDL, ina amri ya WALLHOLE, inayotoboa ukuta kwa umbo lolote unalotaka. Na ina ndugu yake WALLNICHE, inayochimba ukuta bila kuutoboa. Nilipokutana na hiyo ya pili nilicheka peke yangu. Hicho si kidaka? Mafundi wa Lamu walikuwa na neno la kitu hiki karne kadhaa kabla kompyuta haijazaliwa.

Miaka ya 1990 kampuni mbalimbali zilikubaliana kutengeneza lugha moja ya kubadilishana majengo kati ya programu na programu. Inaitwa IFC, na mwaka 2013 ikawa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739. Namna ilivyolieleza tundu inavutia sana. Kwanza kuna ukuta, mzima, bila kasoro. Kisha kuna tundu, ambalo ni kitu kinachojitegemea, lenye namba yake ya utambulisho, lililofungwa na ukuta kwa uhusiano wa kutoboa. Kisha kuna mlango, uliofungwa na tundu kwa uhusiano wa kujaza. Ukiondoa mlango, tundu lipo. Ukiondoa tundu, ukuta unarudi mzima. Kitu kisichokuwepo kimepewa kitambulisho! Hata boriti inaweza kuingia kwa mpango huo huo: tundu dogo ukutani, na kichwa cha mti ndani yake. Tuseme chumba kina boriti 20. Kila boriti ina vichwa viwili, kwa hiyo matundu ni 40. Kwa mkono ni kazi ya kukera. Kwa programu unataja urefu wa chumba, unene wa mti na nafasi kati ya mti na mti, unakunywa funda moja la chai, yote 40 yamekaa mahali pake.

Mpaka hapo ni habari njema. Sasa niseme linalonisumbua.

Programu hizi zilitungwa kwa ajili ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Ukweli unatoka kwenye mchoro kwenda ukutani: mchoro unasema sentimita 15, fundi anajenga sentimita 15. Kwenye nyumba ya zamani ukweli unatembea kinyume. Ukuta umeshasema, kazi ya mchoro ni kusikiliza. Lakini mtu anapoketi mbele ya kioo kuchora nyumba ya Mji Mkongwe, programu inamuuliza: unene wa ukuta ni kiasi gani? Kisanduku ni kimoja, jibu ni moja. Ataandika 500, kwa milimita, na ukuta utanyooka kama reli. Ule uvimbe, ule mpindo, ile sehemu iliyoongezwa enzi za babu wa babu, vyote vimefutwa kwa kubofya mara moja. IFC yenyewe ilikuwa na aina maalumu iliyoitwa ukuta wa kawaida, maana yake ukuta wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Katika matoleo ya baadaye jina hilo limewekwa kando, lakini mazoea hayafi upesi. Mimi naliona neno hilo kila nikipita mtaani. Ukuta wa bloku za inchi 6 ni wa kawaida. Ukuta uliosimama miaka 200 kwa matumbawe na mkoko si wa kawaida. Nani aliamua?

Mtaniambia, kaka, hayo ni maneno tu. Siyo maneno. Mchoro ndio unaokwenda kwa mkandarasi. Kama mchoro unaonyesha ukuta ulionyooka wenye tundu la mlango la mstatili, bila miti ile iliyolala juu ya uwazi na bila vichwa vya boriti, mkandarasi atapiga bei kwa anachokiona. Ataleta saruji. Chokaa huruhusu ukuta upumue, unyevu uingie na kutoka. Saruji hufungia unyevu ndani. Na unyevu ukifungiwa huenda kukaa wapi? Pale pale kwenye kichwa cha boriti, ndani ya lile tundu ambalo jicho halifiki na ambalo msumeno wa ramani haupiti. Mti unaoza kimya kimya, mchwa nao wanakaribishwa. Chumbani boriti inaonekana nzima, imepakwa rangi vizuri. Iliyooza ni ile sentimita 20 ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyobeba dari.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pale Forodhani iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoliteketeza jirani yake, Beit al-Hukm. Siku hiyo ya Krismasi simu zetu zilijaa picha za vumbi. Jengo hilo lina bahati moja: ni maarufu, limepigwa picha kutoka kila upande, limepimwa, limeandikwa. Lakini Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu iliyoufuata mwaka 2001, imejaa nyumba za watu wa kawaida. Nyumba ya bi mkubwa yeyote kwenye kichochoro ikianguka, tutabaki na nini? Kwa nyingi, tutabaki na kifusi na kumbukumbu za majirani.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na kompyuta na kurudi kwa mafundi. Sikubaliani nao. Kompyuta inaweza kupima kile ambacho rula haikuwahi kukipima. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepiga leza magofu na majengo ya Kilwa, Gedi na Lamu, ukapata mamilioni ya nukta zinazofuata kila uvimbe wa ukuta jinsi ulivyo. Huko Dublin mwaka 2009 Maurice Murphy na wenzake walikuja na njia ya kuyaingiza majengo ya kihistoria kwenye mfumo huu, wakatumia ile ile lugha ya GDL kuandika maktaba ya milango, madirisha na nguzo za karne ya 18 za mji wao. Angalieni walichofanya. Hawakuilaumu programu kwa kutoijua Dublin. Waliifundisha.

Nukta za leza hazijui kitu. Ni vumbi la mwanga. Haziwezi kukuambia hili ni tundu la boriti na lile ni ufa, hiki ni kidaka na kile ni dirisha lililozibwa. Lazima akae mtu anayejua na kuvipa majina. Na majina tunayo: mwimo, mfaa, kizingiti, boriti, pau, zidaka, daka. Wenye majina hayo ni mafundi wazee wa chokaa na maseremala, na hesabu yao inapungua. Wanaojua GDL na Revit ni vijana waliomaliza vyuo juzi, wanaochora vyumba vitatu na sebule kwa maktaba ya milango iliyotungwa Ulaya na Marekani. Makundi haya mawili hayakutani, na kuyakutanisha hakuhitaji mfadhili wa mamilioni. Kunahitaji kompyuta moja, tepu ya kupimia, tochi ya kumulika vichwa vya boriti, na asubuhi chache za kumsikiliza mzee.

Ukuta wa matumbawe uandikwe kama ukuta, wenye unene unaobadilika. Boriti iandikwe kama boriti, na daraja lake la biashara, na hali ya vichwa vyake vyote viwili: kizima au kimeoza, na tarehe ya kukaguliwa. Ramani ikitolewa, msumeno ukatwe mara mbili, wa pili usawa wa dari, ili yale matundu 40 yaonekane na mkandarasi ayalipie bei. Tena mikoko yenyewe leo inalindwa, haikatwi ovyo, kwa hiyo kujua ni boriti ipi hasa inahitaji kubadilishwa kunaokoa msitu pia. Ukiwa na orodha unabadilisha 3. Usipokuwa nayo unang'oa zote 20 na kumwaga zege.

Wewe unayesoma hapa na unajua kuchora, uko Dar, Mombasa, Unguja au hata Muscat, chagua nyumba moja tu ya mawe unayoifahamu. Anza na chumba kimoja. Hesabu boriti, panda ngazi, gonga kila kichwa kwa kidole na usikilize kinavyolia. Andika. Ukimaliza, nitumie, nami nitaiweka hapa watu waione.